Picha za bomoabomoa: zisimame kortini, na zisimponze aliyepigwa picha

Swali la msomaji: "Sisi ni kikundi cha vijana kando ya mto Mathare, Nairobi. Tuna simu tatu na kamera moja ya zamani tuliyopewa. Bomoabomoa ilipotufikia tulipiga picha nyingi, tukaziweka mtandaoni, zikasambaa sana. Sasa wakili anayetusaidia anasema nyingi hazimfai kortini. Tena mama mmoja ametulaumu: landilodi wa alikohamia ameuona uso wake kwenye picha, anamwita mchochezi na hamtaki tena. Tulikosea wapi, na tujipange vipi?"

Mlipiga picha za kuwaonyesha watu waliokuwa tayari upande wenu. Anayewahurumia akiona mama ameketi juu ya godoro lililolowa na tingatinga limesimama nyuma yake, basi, ameridhika. Haulizi ni wapi, ni saa ngapi, wala nani alipiga. Jaji atauliza, na wakili wa upande wa pili analipwa ili aulize. Kwa hiyo mkiinua simu, mfikirieni mtu asiyewaamini. Karibu kila ninaloeleza hapa chini linatokana na hilo.

Wenzenu waliotangulia walilijua. Mwaka 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa, Kongo, wakati nchi ile ikiwa milki ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala akiwa ameketi, akitazama mkono na mguu wa bintiye Boali aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Picha ile ingeweza kupuuzwa kama uzushi wa wamisionari. Ilishindikana kupuuzwa kwa kuwa ilikuja na jina la baba, jina la mtoto, kijiji chao cha Wala na jina la kampuni. Ilizungushwa Uingereza na Marekani katika mihadhara ya kuonyesha picha ukutani kwa taa, na shinikizo hilo lilichangia Leopold kunyang'anywa Kongo mwaka 1908. Mwaka huohuo Lewis Hine aliajiriwa na kamati iliyopinga ajira ya watoto Marekani. Aliandika jina, umri na kazi ya kila mtoto aliyempiga picha viwandani, na urefu wa mtoto aliupima kwa vifungo vya koti lake mwenyewe, maana alishajua kila kifungo kiko umbali gani kutoka chini. Kwa hao wawili, maandishi yalibeba nusu ya uzito.

Sasa kwenu. Anzeni na sheria, kamera baadaye. Sheria ya Ardhi ya Kenya, katika kifungu cha 152G kilichoongezwa mwaka 2016, inataka uhamisho ufanywe hivi: wanaoutekeleza wajitambulishe kwanza; waonyeshe idhini rasmi; maafisa wa serikali wawepo ikiwa wanaohamishwa ni kundi; utu, uhai na usalama viheshimiwe; wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu walindwe; mali iliyoachwa nyuma isiharibiwe; nguvu isizidi inayohitajika; na wakazi wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa vyao. Chapisheni orodha hiyo, muibandike kwenye ukuta wa ofisi yenu. Hiyo ndiyo orodha yenu ya picha. Picha ya mtu analia haijibu hata sharti moja kati ya hayo. Video ya sekunde 40 ambamo mzee anaomba aoneshwe barua na msimamizi anageuka bila kujibu, hiyo inajibu sharti la pili peke yake.

Kazi kubwa basi ni ya kabla ya siku yenyewe, na hapa ndipo vikundi vingi hulala. Ardhi ikiwa ya mtu binafsi, sheria inataka notisi ya miezi 3 kwa maandishi, na wakazi wakiwa wengi itangazwe kwenye magazeti mawili ya kila siku na ibandikwe mahali pasipopungua 5 ndani ya eneo. Ikiwa ni ardhi ya umma, itangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali na kwenye gazeti moja la kitaifa, miezi 3 kabla. Mkisikia tetesi, zungukeni mtaa siku hiyohiyo. Pigeni mahali pote ambapo notisi ingebandikwa: lango la kanisa, msikiti, bomba la maji, ofisi ya chifu, kituo cha boda. Rudieni kila wiki, mkisimama mahali palepale. Ukuta usio na kitu, uliopigwa mara kumi na mbili kwa tarehe tofauti, ni ushahidi mzito kuliko tingatinga lolote.

Pigeni pia nyumba zikiwa bado zimesimama: mbele, pembe zote mnazoweza kufikia, namba ya mlango, mita ya stima, kisha ndani vitu vya thamani vikiwa mahali pake. Bila picha ya kabla, mwenye kibanda akidai alikuwa na cherehani na friji atabaki na neno lake tu.

Kwa waliojenga karibu na mto kuna jambo la ziada. Mnakumbuka amri ya kuhama kingo za mito iliyotolewa wakati wa mafuriko ya 2024. Mabishano yake huishia kwenye mita. Kanuni za maji za 2007 ziliweka eneo la ukingo kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wa mto. Nunueni futi kamba ya mita 50. Mmoja ashike mwanzo kwenye ukingo, mwingine avute hadi ukuta wa nyumba, wa tatu apige picha tatu: mwanzo wa kamba na maji yakionekana, kamba yote ikiwa imenyooka, na namba inayogusa ukuta. Pimeni na upana wa mto wenyewe. Kosa la kawaida ni kupima wakati wa kiangazi kutoka pale maji yalipo, ambapo upande wa pili utasema mto ukijaa unafika mbali zaidi. Pigeni na alama ya tope ya mafuriko pia, hata kama haiwapendezi. Mkiificha wataileta wao.

Siku yenyewe ikifika, nendeni wawiliwawili. Mmoja anapiga, mwenzake anamwangalia mpigaji mgongoni na kuandika kwenye daftari. Simu zote ziwe na saa inayojirekebisha yenyewe kutoka kwa mtandao, na asubuhi wote wapige picha ya saa ileile ya mkononi au ya ukutani, ili kukiwa na tofauti ya dakika ijulikane. Washeni lokesheni kwenye kamera, ili kila picha ibebe mahali ilipopigwa. Zimeni kufungua simu kwa alama ya kidole au uso, wekeni namba ya siri ya tarakimu 6 au zaidi. Kidole kinaweza kubanwa kwenye kioo kwa nguvu. Kwenye simu nyingi za Android ukibonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili kamera inafunguka huku simu ikiwa bado imefungwa, na atakayekupokonya wakati huo ataona picha za muda huo tu. Video ya ubora wa 1080p hula takriban megabaiti 60 hadi 130 kwa dakika; ile ya 4K hula mara mbili au tatu ya hapo na haiwapi kitu cha maana kortini. Pawabanki ya mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili, maana sehemu kubwa ya umeme hupotea njiani. Hesabuni mara moja na kidogo.

Kila tukio lipigwe kutoka mbali, kisha kati, kisha karibu. Ya mbali ionyeshe kitu ambacho hakitabomolewa: mnara wa simu, ghorofa, nguzo ya stima yenye namba. Wengi huanza na ya karibu kwa sababu ndiyo inayochoma moyo, halafu wanasukumwa nyuma kabla ya kupiga ya mbali, na hapo picha inabaki ya mabati yaliyopondwa ambayo ingeweza kuwa Mukuru, Kibera au hata Kampala. Kwenye video, shikeni mkono umetulia sekunde 10 kwa kila pembe, kisha zungukeni polepole. Semeni tarehe, saa na mahali mwanzoni, halafu mnyamaze. Sauti ya mpigaji anayelaani na kutukana imeshaharibu video nyingi nzuri, kwa kuwa amri zilizokuwa zikitolewa kwa kipaza sauti hazisikiki tena. Na kamwe msimwite mtu jina lake video ikiendelea.

Magari, pigeni namba za usajili na jina la kampuni kwenye tingatinga. Askari, pigeni sare, kofia, namba ya kifuani ikiwa ipo, na kama imefunikwa pigeni hivyo hivyo ilivyofunikwa. Maganda ya risasi na makopo ya gesi ya kutoa machozi msiyaokote. Yapigeni yalipo, kwanza na mazingira, kisha kwa karibu maandishi yaliyochapwa juu yake yasomeke, kisha kando ya kitu cha kulinganishia ukubwa. Rula ni bora. Sarafu ya shilingi 20 inafaa. Kuna watu huweka kitambulisho chao cha taifa kando ya ganda la risasi kwa sababu ndicho kilichokuwa mfukoni, kisha picha inasambaa na namba yao ya kitambulisho.

Majeraha: mwanga wa mchana kivulini, bila flashi, simu ikiielekea ngozi moja kwa moja bila kuinama. Moja yenye rula, moja bila. Rudieni baada ya siku moja na baada ya siku tatu, maana michubuko mara nyingi hujitokeza vizuri baadaye. Picha haichukui nafasi ya daktari. Majeruhi aandikishe tukio kituo cha polisi apate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3, ile ya polisi ya uchunguzi wa majeraha, ijazwe.

Kuhusu mwanga kwa jumla, sina mengi. Mabati yanayong'aa na anga nyeupe huidanganya simu ikatia nyuso zetu giza. Gusa uso kwenye kioo, kisha vuta alama ya jua juu kidogo. Na pangusa lenzi. Ukungu mnaoulalamikia mara nyingi ni mafuta ya vidole.

Sasa tufike kwa wakili wenu. Naamini kilichomkwaza ni faili. Picha ya simu hubeba ndani yake saa, aina ya kifaa na mahali. Mkiituma kwa WhatsApp kama picha, taarifa hizo zinaondolewa na picha yenyewe inabanwa: iliyokuwa megabaiti 4 yaweza kumfikia ikiwa chini ya kilobaiti 300. Mkiipakua tena kutoka Facebook, ni hivyohivyo. Picha ya kioo, yaani skrinshoti, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu saa yake ni ya siku mliyoikata, wala si ya siku ya tukio. Mlichompa ni nakala za nakala. Tafuteni simu zilizopiga. Kama hazijafutwa, faili asili bado zimo, na hizo ndizo anazozitaka.

Kuanzia sasa fanyeni hivi. Jioni ileile, unganisheni simu na kompyuta kwa waya, nakilini folda yote ya kamera bila kuchagua, pamoja na zilizotikisika. Kuchagua zilizo nzuri tu kunampa mpinzani nafasi ya kuuliza mlificha nini. Msibadilishe majina ya faili, msizifungue kwenye programu ya kuhariri, msizigeuze hata zilizolala. Kisha tengenezeni alama ya SHA-256 ya kila faili, yaani mstari wa herufi na tarakimu 64 ambao hubadilika kabisa hata doa moja likiguswa. Kwenye Windows fungueni dirisha la amri, andikeni certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Mistari hiyo iandikwe kwenye hati moja, mtumieni wakili kwa barua pepe usiku uleule. Hata miaka mitatu baadaye mtaweza kuonyesha kwamba faili haikuguswa tangu usiku huo. Wekeni nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu nje ya mtaa kabisa, kwa wakili au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nakala tatu katika chumba kimoja cha mabati ni sawa na nakala moja. Ikibidi kutuma kwa WhatsApp, tumeni kama hati, si kama picha. Na msipeleke simu saiba kuhamishiwa picha.

Lipo pia suala la mtu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ni ipi, ilitengenezwaje na kwa kifaa gani, kitiwe saini na mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho au ya kazi iliyofanywa nacho. Maana yake, nyuma ya kila picha ya kortini lazima asimame mtu mwenye jina. Amueni mapema ni nani kati yenu yuko tayari kuhojiwa kizimbani, na huyo ndiye apewe nafasi nzuri ya kupigia. Asiyetaka kujulikana bado ana kazi: picha zake zitaelekeza wachunguzi na waandishi wa habari, ila msimhesabu kama shahidi.

Mkilazimishwa kufuta, picha nyingi hazipotei palepale. Huingia kwenye pipa la taka la simu na kukaa kwa kawaida siku 30. Acheni kupiga nyingine kwa simu hiyo, ondokeni, mzirudishe mkiwa salama.

Nimelibakiza la yule mama, nalo ndilo zito. Mnamo 16 Juni 1976 huko Soweto, Afrika Kusini, polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi walioandamana, mpiga picha wa gazeti Sam Nzima alipiga picha ya kijana Mbuyisa Makhubo akikimbia amembeba Hector Pieterson aliyepigwa risasi. Filamu aliificha kwenye soksi, picha ikaenda dunia nzima. Nzima alisumbuliwa na polisi hadi akaacha kazi Johannesburg na kurudi kwao. Makhubo alikimbilia uhamishoni na familia yake haikumpata tena. Picha iliwatumikia watu wote wa Afrika Kusini. Gharama yake kubwa ikalipwa na aliyeonekana.

Kwa hiyo idhini isiwe ya kuitikia kwa kichwa tu. Ulizeni mambo manne tofauti: tukupige? uso uonekane? jina litumike? na itumike wapi, kortini tu, au gazetini, au mtandaoni? Anayekubali la korti anaweza kukataa la Facebook. Mwambieni wazi kwamba ikishawekwa mtandaoni hamtaweza kuirudisha. Mtoto chini ya miaka 18, idhini ni ya mzazi au mlezi, na hata akikubali, msionyeshe sare ya shule. Idhini iliyoombwa mtu akiwa analia mbele ya vifusi ni dhaifu. Pigeni, picha mkae nayo bila kuichapisha, mrudi kumuuliza baada ya siku mbili. Majina yakae kwenye daftari tofauti, na picha zibaki na namba tu, ili atakayekamata kompyuta asipate na orodha ya watu.

Mnapoficha uso, ficheni kwenye nakala, faili asili isiguswe. Tumieni boksi jeusi lisilopenya. Kalamu ya kupaka ya simu mara nyingi hupenya kidogo, na mtu akiongeza mwanga uso unarudi. Uso uliofichwa kwa ukungu wa vimraba nao umewahi kurejeshwa. Hata kukata picha si kinga kamili: mwaka 2023 iligundulika kwamba chombo cha kuhariri cha simu za Google Pixel kilikuwa kikiacha sehemu zilizokatwa ndani ya faili. Mkimaliza, kateni picha ya kioo ya ile iliyofichwa, mchapishe hiyo. Hapa ndipo picha ya kioo ina faida. Kisha itazameni kama jirani angeitazama: kanga ya rangi ile, kovu mkononi, viatu, pikipiki yenye namba, mlango wa bluu ambao mtaa mzima unaujua. Kwa video, kumbukeni sauti. Mara nyingi jibu zuri zaidi lingekuwa kupiga kutoka nyuma tangu mwanzo.

Maelezo ya picha nayo yanaponza. "Polisi katili wakiwafukuza maskini bila notisi" ni hukumu, na mkikosea kitu kimoja ndani yake yote yanaanguka. Andikeni hivi: "Wanaume sita wenye sare za bluu wamesimama kando ya tingatinga la manjano, Mathare, upande wa mto, saa 12:40 asubuhi. Mbele yao wakazi wanatoa vyombo nyumbani. Dakika kumi kabla, mkazi aliomba kuonyeshwa idhini. Tazama video namba 14." Tarehe na namba ya mpigaji vifuate. Bila notisi au na notisi, jaji ataona mwenyewe kwenye zile picha kumi na mbili za ukuta.

Kwa yule mama, ondoeni picha yake kwenye kurasa zenu leo, na mwandikieni kila ukurasa mliouona ukiitumia. Hazitaondoka zote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kudai hivyo, hata dhidi yenu.

Na ile kamera ya zamani: itumieni kwa picha za kabla, mchana, bila haraka. Kwanza rekebisheni saa yake. Kamera zilizokaa muda mrefu bila betri hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na nyingi hazina kifaa cha kutambua mahali. Kila mkianza kazi, picha ya kwanza iwe ya kioo cha simu kinachoonyesha saa na ramani ya mlipo. Kadi yake ya kumbukumbu isifutwe hadi nakala tatu ziwepo. Kadi za gigabaiti 16 ni rahisi, nunueni mbili.